Mizani, Macho ya Watu na Mwili wa Mtoto

Mtoto anayezaliwa Tanzania hupewa kadi ya kliniki, na kwa miaka mitano ya mwanzo uzito wake huandikwa humo kila anapopelekwa kupimwa, kwa kawaida kila mwezi, kwa nukta inayounganishwa na nukta ya mwezi uliotangulia mpaka ukatokea mstari unaopanda pamoja na umri. Mchoro huo wa ukuaji una asili yake katika kazi ya David Morley, daktari Mwingereza aliyehudumia watoto katika kijiji cha Imesi-Ile nchini Nigeria katika miaka ya 1950, na ambaye alisisitiza kwamba uzito wa siku moja hausemi mengi, ilhali mwelekeo wa uzito kwa miezi kadhaa humwonyesha mama na mhudumu kwamba mtoto ameanza kudhoofika hata kabla dalili hazijajitokeza usoni. Kwa hiyo mizani ya kliniki, ile inayotundikwa kwenye boriti au tawi la mti na mtoto akaning'inizwa ndani ya kikaptula chenye mikanda, ilikusudiwa kuwa chombo cha ulinzi. Mkoani Iringa, katika mradi wa lishe ulioanza mwaka 1983 kwa msaada wa UNICEF na Shirika la Afya Duniani, watoto walipimwa hadharani katika siku za afya za kijiji na matokeo yakajadiliwa na viongozi wa kijiji, lakini hata hapo swali lililoulizwa lilihusu kilichompata mtoto, kama ni chakula, maradhi au mama kukosa muda wa kumlisha, na hatua gani ichukuliwe.

Baada ya miaka mitano kadi huwekwa kabatini na mizani hutoweka katika maisha ya mtoto, ila kupimwa hakukomi. Kazi hiyo huchukuliwa na macho na midomo ya watu, yaani jamaa, majirani, walimu na watoto wenzake, ambao hawana mchoro wowote wa kufuata na ambao hukumu yao haiulizi kilichompata mtoto bali hutamka moja kwa moja jinsi alivyo. Insha hii inakihusu kipindi hicho cha pili, hasa miaka ya shule ya msingi, na inategemea kwa kiasi kikubwa kumbukumbu za mwandishi wake, aliyekuwa mtoto wa kike mnene mjini Tanga katika miaka ya 1990. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba watu wazima waliomzunguka walichanganya mambo mawili yaliyopaswa kutenganishwa, yaani ukubwa wa mwili na uwezo wa mwili, na kwamba mchanganyo huo ulimdhuru zaidi kuliko unene wenyewe.

Ni lazima kwanza kueleza kwa nini unene wa mtoto ulipokewa nyumbani kwa furaha ya kweli. Wazazi na mabibi wa kizazi hicho walikuwa wameiona miaka ya njaa, na walikuwa wamewaona watoto waliovimba miguu na uso kwa kwashakoo, ugonjwa wa lishe ambao huwahadaa wengi kwa kuwa maji yanayojaa chini ya ngozi humfanya mtoto aliyedhoofika aonekane amejaa. Juu ya hayo ulikuja UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na miaka miwili baadaye madaktari waliandika katika jarida la Lancet kuhusu ugonjwa ambao wenyeji wa Rakai, ng'ambo ya mpaka wa Uganda, waliuita Slim kwa sababu ya jinsi ulivyowakondesha watu. Katika miaka iliyofuata, kukonda kukawa neno la kunong'onezwa. Mtu aliyepungua uzito, hata kama ni kwa malaria au kwa huzuni, alijua kwamba anatazamwa, na mzazi mwenye mtoto mwembamba alijisikia kudaiwa maelezo. Mwili ulionawiri ulikuwa jibu tosha, na bibi aliyemkaribisha mjukuu wake mlangoni kwa kusema "Mashallah, mwanangu ana mwili" alikuwa akitoa shukrani na kumkinga na husuda kwa pumzi moja. Anayewalaumu wazee hao kwa kuwalisha wajukuu vitumbua vya nyongeza hajaielewa hofu waliyokuwa wakiishi nayo.

Tatizo ni kwamba mtoto yuleyule, akivuka barabara na kuingia shuleni, aliukuta mwili uleule ukipewa maana iliyo kinyume. Huko hapakuwa na kunawiri. Palikuwa na bonge, kibonge na tipwatipwa, na kwa wale wa upande wa pili palikuwa na njiti na ng'onda, yaani samaki aliyekaushwa juani. Mtoto wa miaka saba huweza kuyachukua majina hayo kama mzaha wa kawaida, lakini mnamo darasa la tatu mambo hubadilika, na mabadiliko hayo yana maelezo ya kitaalamu. Mwanasaikolojia wa Marekani Susan Harter, aliyetunga mwaka 1982 kipimo cha uwezo ambao mtoto anajiona kuwa nao, alitenganisha jinsi mtoto anavyojiona katika masomo, katika urafiki na katika michezo. Watafiti waliofuata njia hiyo wameonyesha kwamba watoto wadogo sana hujikadiria kwa ukarimu, wakiamini kwamba bidii na uwezo ni kitu kimoja, na kwamba kuanzia takriban miaka minane huanza kujilinganisha na wenzao kwa makini na kuchukua matokeo ya ulinganisho huo kama ukweli kuhusu nafsi zao. Taswira ya mwili, yaani picha ambayo mtu huibeba akilini kuhusu umbo lake pamoja na hisia zinazoambatana na picha hiyo, huchorwa kwa kiasi kikubwa katika miaka hiyo, na huchorwa kwa kalamu za watu wengine.

Katika shule nyingi za Tanzania mahali ambapo ulinganisho huo ulifanyika kwa uwazi kuliko kwingine kote palikuwa ni kwenye mchakamchaka, yaani zile mbio za asubuhi ambazo wanafunzi hukimbia kwa mistari huku wakiimba, kabla ya ukaguzi wa usafi na kuingia darasani. Ni desturi yenye mema yake, kwa kuwa huwachangamsha watoto wote bila kuhitaji vifaa wala ada, na nyimbo zake huwafanya wakimbie kwa pamoja. Lakini mstari una kichwa na mkia, na mtoto mnene huishia mkiani kila siku mbele ya shule nzima, akisukumwa na kiranja mwenye fimbo, mpaka nafasi hiyo ikawa kama imeandikwa jina lake. Mwandishi alikuwa huko mkiani kwa miaka kadhaa. Anachokikumbuka zaidi kuliko uchovu ni hesabu aliyokuwa akiifanya kitandani kabla ya alfajiri, akitafuta sababu ya kuchelewa ambayo ingemletea adhabu ndogo kuliko kukimbia, kwa kuwa waliochelewa walifagia uwanja, na kufagia uwanja hakukuwa na mtazamaji.

Yaliyokuwa yakitokea ndani ya mwili huo hayakuwa uvivu. Kukimbia ni kuubeba uzito wote wa mwili kwa kila hatua, hivyo mtoto mwenye kilo nyingi hufanya kazi kubwa zaidi kuliko mwenzake mwembamba kwa umbali uleule, na mapigo ya moyo wake hupanda mapema zaidi. Joto nalo huongeza mzigo, kwa sababu mwili mnene una eneo dogo la ngozi ukilinganishwa na uzito wake, na katika hewa yenye unyevu ya pwani ambamo jasho halikauki upesi, kupoa kwake huwa kwa shida. Kuna pia jambo dogo ambalo vitabu vya elimu ya viungo hulipita kimya na ambalo kila mtoto mnene analijua, nalo ni mapaja kusuguana chini ya sketi mpaka yakachubuka, kiasi kwamba maumivu ya Jumatatu yanakuwa bado hayajapona Jumatano. Mwalimu anayeyajua haya hatashangaa kumwona mtoto akitembea, na hatahitaji kumwadhibu.

Wataalamu wa mazoezi hutofautisha nguvu halisi, yaani uzito ambao misuli inaweza kuusukuma au kuuvuta, na nguvu kwa kulinganishwa na uzito wa mwili wenyewe. Katika kukimbia, kuruka na kujivuta juu ya chuma, nguvu ya aina ya pili ndiyo inayoamua, na hapo mtoto mnene hushindwa mara kwa mara. Katika kurusha, kusukuma, kubeba na kuvuta kamba, nguvu ya aina ya kwanza ndiyo inayohesabika, na hapo mara nyingi huwashinda wenzake, kwa kuwa mwili unaobeba uzito mkubwa kila siku hujenga misuli na mifupa ya kuubeba. Ajabu ni kwamba shule iliyapanga mashindano yake karibu yote upande mmoja wa mgawanyo huo, kisha ikayachukua matokeo kuwa kipimo cha uwezo kwa jumla. Hata katika rede, mchezo wa wasichana wa kukwepa mpira wa matambara unaorushwa na wawili waliosimama pande mbili, mwandishi alikuwa na mkono wenye nguvu na shabaha ambao hakuna aliyependa kusimama mbele yake, lakini kwa mujibu wa watoto wenyewe sifa ilikuwa katika kukwepa, na kurusha kulihesabiwa kuwa kazi ya walioshindwa.

Ukali wa hukumu ya watoto juu ya wenzao wanene ulikwisha kupimwa muda mrefu uliopita. Mwaka 1961 Stephen Richardson na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti ambamo watoto walionyeshwa michoro sita ya watoto, mmoja akiwa hana ulemavu wowote, wengine wakiwa na magongo, kiti cha magurudumu, mkono uliokatika au uso wenye dosari, na mmoja akiwa mnene, wakaombwa wawapange kwa kadiri wanavyowapenda. Mnene ndiye aliyewekwa mwisho. Utafiti huo uliporudiwa na Janet Latner na Albert Stunkard, matokeo waliyoyachapisha mwaka 2003 yalionyesha kwamba kutopendwa kwa mtoto mnene kumeongezeka badala ya kupungua. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba watu humwona mlemavu kuwa amepatwa na jambo, ilhali mnene huonekana amejitakia, na dhana hiyo ndiyo inayompa mwenye kudhihaki ruhusa ya kudhihaki. Michoro hiyo ilionyeshwa watoto wa Marekani, na si haki kuihamishia Tanga bila tahadhari, hasa kwa kuwa nyumba za Tanga ziliusifu unene. Hata hivyo, uwanja wa shule ulikuwa na sheria zake, na dhana ya kujitakia ilisikika humo waziwazi kila mwalimu alipouliza mbele ya darasa mtoto huyu anakula nini kwao.

Lililombadilisha mwandishi halikuanzia shuleni. Mjomba wake, ambaye alikuwa na mazoea ya kuogelea Raskazone jioni, alianza kumchukua pamoja na binamu zake akiwa darasa la tano, na katika siku za mwanzo ilidhihirika kwamba mtoto aliyekuwa wa mwisho asubuhi alikuwa wa kwanza kujifunza kuelea. Sababu yake ni ya kimaumbile. Mafuta ya mwili ni mepesi kuliko maji, sentimita moja ya ujazo ikiwa na takriban gramu 0.9, ilhali misuli na mifupa ni mizito kuliko maji, kwa hiyo mwili mnene hushikiliwa na bahari bila jitihada kubwa, na mtu asiyehangaika kuelea anaweza kuuweka uangalifu wake wote katika mikono na pumzi. Baridi ya maji humpata polepole, joto halimsumbui, na mapaja hayachubuki. Mjomba huyo hakuwa mwalimu, hakutoa maneno ya kutia moyo wala hakuutaja mwili wa mtoto hata mara moja, kwa uzuri au kwa ubaya. Alihesabu tu mikupuo ya mikono kati ya mashua moja na nyingine, na juma lililofuata akataja hesabu ya juma lililopita. Mtoto aliogelea na gauni kuukuu juu ya suruali, kama walivyofanya wasichana wengi, na maji yaliyofika mabegani yalimficha na macho ya watu kwa kiasi kilichomtosha.

Jambo hilo la mavazi na macho si dogo kwa wasichana wa pwani. Kule Nungwi, kaskazini mwa Unguja, mradi wa Panje umekuwa ukiwafundisha wasichana na wanawake kuogelea wakiwa wamevaa mavazi yanayofunika mwili mzima, na picha za mafunzo hayo zilizopigwa na Anna Boyiazis zilisambaa duniani. Wengi wa waliozitazama waliona suala la dini. Ndani ya picha hizo mlikuwa pia na suala la mwili kuachwa ufanye kazi bila kukaguliwa, ambalo linamhusu mtoto mnene, mtoto mwembamba kupita kiasi na mtoto anayebalehe mapema kuliko wenzake kwa namna ileile.

Mtafiti wa mwendo wa mwili Karl Newell alieleza mwaka 1986 kwamba mwendo hutokana na kukutana kwa mambo matatu, ambayo ni mwili wenyewe, kazi inayofanywa na mazingira ya kuifanyia. Mwandishi aliisoma nadharia hiyo akiwa mtu mzima na kuitambua mara moja, kwa sababu katika juma lilelile, kwa kilo zilezile, alikuwa dhaifu saa kumi na mbili asubuhi na hodari saa kumi na moja jioni. Hakuna mizani ambayo ingeweza kuonyesha tofauti hiyo.

Kusema hivi si kusema kwamba uzito haujalishi. Kipimo kinachotumika zaidi, yaani uwiano wa uzito na urefu unaopatikana kwa kugawa kilo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, kilibuniwa na mtakwimu wa Ubelgiji Adolphe Quetelet katika karne ya 19 kwa ajili ya kueleza watu kwa wingi wao, na hakikukusudiwa kumhukumu mtu mmoja. Kwa mtoto, namba hiyo haina maana mpaka ilinganishwe na watoto wa umri na jinsia yake, na ndiyo maana Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2006 viwango vya watoto chini ya miaka mitano, vilivyotokana na watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na mwaka 2007 likatoa rejea ya umri wa miaka 5 hadi 19. Mtoto anaweza kuwa na uzito uliozidi au kiribatumbo, yaani unene unaohatarisha afya, na hatari zake ni za kweli, zikiwamo shinikizo la damu na kisukari cha aina ya pili kinachoanza mapema. Ripoti ya UNICEF ya mwaka 2025 ilieleza kwamba duniani, kwa mara ya kwanza, watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 wenye kiribatumbo wamewazidi wenye uzito pungufu. Tanzania inalipokea wimbi hilo huku udumavu, yaani ufupi unaotokana na lishe duni ya muda mrefu, ukiwa bado haujaisha, kwani umepungua tu kutoka asilimia 34 ya watoto chini ya miaka mitano katika utafiti wa kitaifa wa 2015–16 hadi asilimia 30 katika ule wa 2022, kwa hiyo ng'onda na bonge huketi dawati moja, na wakati mwingine udumavu na unene hukutana katika mtoto mmoja.

Kwa mtoto anayekua, ambaye urefu wake bado unaongezeka, lengo ambalo madaktari huliweka mara nyingi ni kuutuliza uzito huku kimo kikiufikia, na kupunguza kilo hubaki kuwa jambo la wachache chini ya uangalizi wa mtaalamu. Haifai kumtengea sahani ndogo mezani huku ndugu zake wakila chipsi mayai na soda, kwa maana chakula cha nyumba kikibadilika kinapaswa kubadilika kwa wote. Vilevile Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linapendekeza kwa watoto wa miaka 5 hadi 17 wastani wa dakika 60 za shughuli za mwili kila siku, na dakika hizo humnufaisha mtoto mnene hata kama uzito wake haushuki gramu moja. Fimbo ya kiranja humfundisha kuziepuka.

Mwandishi ameliona jambo hili la kuwafanyisha watoto mazoezi bila kuwalinganisha likifanyika vizuri katika shule moja ya mtaani anakosoma binti wa dada yake. Mwalimu wa michezo, ambaye ana wanafunzi wengi na saa moja ya mkononi, huwakimbiza kwa makundi, huandika katika daftari la mistari muda wa kila mtoto, umbali wa tufe la udongo alilorusha na idadi ya ndoo alizobeba kutoka bombani, kisha muhula unaofuata humsomea kila mmoja namba zake mwenyewe, kwa sauti ya chini, bila kutaja za jirani. Uzito haumo katika daftari hilo.

Faida moja ya daftari la namna hiyo haikutarajiwa na mwalimu mwenyewe. Mtoto anayelinganishwa na wenzake akiwa wa mwisho siku zote hawezi kuonekana anapougua, kwa kuwa nafasi yake haishuki zaidi, lakini anayelinganishwa na nafsi yake huonekana mara moja. Watoto wanene walio karibu na kubalehe wanaweza kupatwa na hali ambayo kichwa cha mfupa wa paja huteleza kwenye sehemu laini ya kukulia iliyo karibu na nyonga, na dalili yake ya kwanza wakati mwingine si maumivu ya nyonga bali ya goti au paja, pamoja na kuchechemea na mguu kugeukia nje. Katika mstari wa mchakamchaka mtoto huyo ataitwa mvivu na kuhimizwa, na kila siku anayohimizwa mfupa huendelea kuteleza. Mwalimu au mzazi anayemwona mtoto wa umri huo akichechemea, hata kama analalamikia goti tu, amketishe, asimkimbize wala kumkanda, na amfikishe siku hiyohiyo hospitali yenye eksirei ili nyonga zote mbili zipigwe picha.